Makovu Mawili ya Bibi Harusi

Sehemu ya kumi na moja

Mkono wa Vidole bado uko pale pale tulipouacha Jumamosi: umeshikwa.

Umeshikwa na Jemadari, saa tatu asubuhi, katikati ya karakana ya picha, mbele ya watu wazima na heshima zao, na aliyeushika haonyeshi dalili ya kuuachia. Kwa wale waliofungia samaki gazeti la wiki jana na leo wanauliza Vidole ndiye nani, nitasema mara moja tu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na moja anayechora mikono. Mikono tu, basi. Kwenye karakana hiyo kila mtu ana kipande chake: Fundi anachora sura, Mjomba anachora nguo, Vidole anachora mikono. Alikuwepo na mmoja wa mawingu, akafariki, ndiyo maana picha zote tangu hapo hazina dirisha. Chini ya kila picha linaandikwa jina moja, na sina haja ya kuwaambia ni la nani.

"Kovu hili," Jemadari alisema, "nimelala nalo mwaka mzima."

Mjomba akaangusha brashi. Fundi akacheka kile kicheko anachowawekea wateja wenye farasi.

"Bwana Jemadari anapenda mzaha."

"Sina mzaha. Ndani ya hema langu la vita kulikuwa na vitu viwili vya kutazama: picha ya mchumba wangu na mlinzi mwenye chunusi. Nilitazama picha." Akaugeuza mkono wa Vidole kwenye mwanga. Chini ya kidole gumba, kovu lilikaa limetulia, ukubwa wa punje ya harage. "Umelipata wapi hili?"

"Gundi, bwana."

"Gundi gani?"

"Ya ngozi. Tunaichemsha tunaipaka kwenye turubai kabla ya rangi. Ilinimwagikia."

Vidole alisema kweli kwa sababu hakuwa na nafasi ya kutunga uongo. Alikuja tu kumpanga mgeni mkono juu ya mpini wa upanga, apate kukaa achorwe, kisha mkono wa gauni ukapanda, kovu likachungulia. Na kosa lilikuwa lake mwenyewe, analijua, amekuwa akilijua mwaka mzima.

Maana enzi hizo, msomaji, simu za kujipamba sura hazikuwepo. Ukitaka kumdanganya mtu wa mbali kuhusu uso wako ulimtafuta fundi. Mkuu wa Mji alitaka kumwoza binti yake kwa Jemadari wa ng'ambo ya milima, wala hao wawili hawajawahi kuonana, basi ikachorwa picha. Ilipokauka, Mkuu akaambatanisha barua yenye muhuri: *Kila kilichomo kwenye picha hii ni cha binti yangu. Kikipatikana cha mtu mwingine, mkono uliokichora utakatwa.* Barua ilisomwa hapo hapo karakana. Watu wakapiga makofi. Vidole naye alipiga, kwa mikono ile ile.

"Hebu niachie huyo mfanyakazi," ikasema sauti kutoka kwenye kiti chenye mto.

Huyo ni Shangazi, dada yake Mkuu. Mkuu mwenyewe yuko nyumbani, amefunga shavu kitambaa kwa maumivu ya jino yaliyoanza mwaka juzi, na mji mzima unajua muhuri unalala kwenye mkoba wa nani. Pembeni yake alikaa Binti, bibi harusi mwenyewe, amevaa glavu nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Kovu ni kovu," Shangazi alisema. "Wenye makovu ni wengi. Binti yetu analo lake, la utotoni. Binti, vua glavu ya kushoto umwonyeshe mwenzako."

Binti akavua. Akanyoosha mkono.

Lo! Kovu lilikuwepo! Chini ya kidole gumba, mahali pake!

Vidole akatoa macho. Aliwahi kuushika mkono huo akimsaidia Binti kupanda kwenye gari la farasi, ulikuwa laini kama sabuni. Akainama autazame vizuri. Kovu lilikuwa na mikunjo mitatu iliyopangana, lilianguka taratibu kuelekea kwenye kifundo cha mkono, na ukingoni lilikuwa na kitu kinachofanana sana na pindo.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuchora kovu kama pazia la sebuleni.

"Mjomba," Vidole alinong'ona. "Mjomba, ni wewe?"

"Waliniita jana jioni," Mjomba akajibu chini chini, akiangalia viatu vyake. "Shangazi aliiona picha mgeni alipokuja nayo, akaona kovu, akadhani Fundi kalibuni tu. Mimi nikajua ni lako. Nilikuwa nakuokoa, mwanangu."

"Kwa pindo?"

"Najua nguo tu. Ungetaka nifanyeje?"

Damu ilimchemka Vidole, lakini huyo ni mdogo wake mama yake, ndiye aliyempokea karakana akiwa hana pa kwenda. Akaliacha hilo lipite.

Jemadari alikuwa ameusogelea mkono wa Binti. Aliutazama, akatazama picha aliyokuja nayo, iliyosimamishwa ukutani, akautazama tena.

"Na la pili?" aliuliza.

"La pili lipi?" Shangazi akauliza.

"Kwenye picha yapo mawili. Moja mkono wa kushoto. Jingine wa kulia, limejificha nusu nyuma ya jani la ua. Halafu ukiangalia vizuri, huo mkono wa kulia si wa kulia. Ni wa kushoto uliogeuzwa kwenye kioo."

Watu wote wakageukia picha, na kwa mara ya kwanza tangu ichorwe, wakaitazama.

Ilikuwa kweli tupu. Mkono wa kulia wa Vidole hushika brashi, kwa hiyo hauwezi kukaa ukachorwa. Yeye huchora wa kushoto, kisha huuweka huo huo mbele ya kioo akauchora kama wa kulia. Kwa miaka kumi na moja mabibi na mabwana wa mji ule walining'inia kumbini mwao wakiwa na mikono miwili ya kushoto, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walikuwa wakitazama sura zao.

Jemadari akalamba kidole chake, akausugua mkono wa Binti.

Kovu likatoka.

"Ala!" alisema Mjomba, kwa uchungu wa fundi.

"Ni jasho," Shangazi alisema. "Makovu ya utotoni hufanya hivyo kukiwa na joto."

"Shangazi, tuache," Binti akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko walivyotarajia wote, maana kwa siku tatu hakuruhusiwa kufungua mdomo mbele ya mgeni. "Kovu si langu. Mikono si yangu. Na pua hiyo kwenye picha si yangu pia, ni ya Shangazi alipokuwa msichana."

"Binti!"

"Nimechoka. Na mimi nina swali langu." Akachomoa kifuani picha ndogo ya kiganja, akamwekea Jemadari mbele ya macho. "Huyu yuko wapi? Huyu ndiye niliyeletewa mimi. Kijana, mabega huku na huku, hana tumbo. Nimemlilia mwaka mzima. Wewe una umri gani?"

Jemadari akajivuta shati, akaipokea ile picha, na jambo la ajabu ni kwamba hakuona aibu. Alikunja uso kama mtu aliyekuta kazi yake imechafuliwa.

"Mchoraji wetu ana huruma sana," alisema. "Ila kivuli cha hapa shavuni hakikukaa. Ni kweli. Alikuwa na haraka."

Msomaji aliyeniandikia wiki jana kwa wino mwekundu kwamba Jemadari wangu hana akili, namwomba aikate sentensi hiyo aiweke pembeni.

Shangazi akasimama. Alipokasirika hakupaza sauti, alianza tu kuvua pete zake moja moja na kuzipanga mezani.

"Haya. Uongo umekaa hadharani na mji utacheka. Kuna kiapo, na kina muhuri. Tukitekeleza kiapo, watasema Mkuu ni mtu wa neno lake na karakana ndiyo iliyotudanganya sote. Mwiteni mpishi."

"Mpishi wa nini?" Fundi aliuliza.

"Ana panga la nyama."

Mpishi hakuchelewa, nyumba ya Mkuu iko mkabala. Alifika na aproni yake, ameudhika.

"Nikate wapi? Upesi tafadhali, nimeacha supu jikoni."

Vidole akautazama mkono wake, ule wa kulia, wa brashi. Bila huo yeye si mtu. Hana mume, hana shamba, hana sauti nzuri ya kuimbia watu. Alijua kitu kimoja duniani, na alikijua kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye. Hofu ilimshika, halafu, kama inavyomtokea mtu ambaye maji yamemfika shingoni, ikageuka hasira.

"Kiapo kinasema mkono uliochora," alisema. Wote wakashangaa kwamba anaongea. "Fundi ameapa mbele ya mji kwamba kila picha inayotoka humu ni ya mkono wake. Jina lake hilo hapo chini. Mpishi, kama ni kukata, anza na aliyetia sahihi."

Mpishi akamgeukia Fundi, akapima kwa jicho.

Jamani! Mngemwona Fundi! Rangi ilimtoka usoni upesi kuliko lile kovu la Mjomba.

"Si mimi!" alipiga kelele. "Ni yeye! Mikono yote ni ya kwake! Mimi siwezi mikono, sijawahi kuiweza, nikichora mimi inatoka kama ndizi! Hii, ile, ya ukumbini, ya mahakamani, yote! Hakuna mkono hata mmoja humu mjini ambao si wa kwake!"

Miaka kumi na moja Vidole alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Aliiwaza akichemsha gundi, aliiwaza akiosha brashi. Alidhani siku atakapoisikia patakuwa na watu waliovaa vizuri na yeye atakuwa amesuka. Na watu waliovaa vizuri walikuwepo, ila panga nalo lilikuwepo. Akacheka, hakuweza kujizuia, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Ndiyo sababu aliweka kovu, kama mlikuwa mnajiuliza. Siku ile Fundi alileta wageni, akapunga mkono juu ya turubai, akasema, "Haya yote yametoka hapa," akijigonga kifua, wakati Vidole kasimama nyuma yake ameshika kitambaa cha tapentaini ya kuoshea brashi. Wageni walipoondoka alichukua brashi ndogo akatia kovu lake, ili kitu kimoja chake kivuke milima na kutazamwa na mtu. Kioo kikampa la pili, naye akaliacha.

Shangazi alikuwa amesimama kidete.

"Ya ukumbini? Picha yangu?"

"Yake, bibi."

"Ya marehemu mume wangu?"

"Yake pia."

"Ndiyo maana!" alisema Binti. "Siku zote nilijiuliza mbona marehemu ana mikono mizuri hivyo."

"Kata," Shangazi alimwambia mpishi.

"Hamuukati," akasema Jemadari, akasimama mbele ya Vidole.

"Wewe ndiye uliyedanganywa!"

"Ndiyo. Na sitaki kurudishiwa. Kama Binti ameshanikataa, nitaioa hiyo mikono."

"Mikono haitembei peke yake, bwana," Vidole alisema nyuma ya mgongo wake. "Inakuja na mdomo. Wala hakuna aliyeuuliza."

Binti alicheka kwa sauti. Hata mpishi alitabasamu, akalihamishia panga mkono mwingine. Jemadari akageuka, akamtazama Vidole usoni, na ilionekana wazi kwamba kwa mwaka mzima hakuwahi kuwaza kwamba mikono ile itakuwa na uso juu yake. Akawa mwekundu masikio. Vidole naye akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu.

"Nina neno," Fundi akaingilia, kwa kuwa ameona panga linamsahau. "Huyu anachora vidole, si mchoraji. Sura ni kazi ya ufundi. Hawezi hata pua. Mkono wake ukiondoka, sanaa haitapoteza chochote."

Hayo ndiyo maneno yaliyoharibu kila kitu, au kutengeneza. Shangazi alikuwa mkali, lakini alipenda sana kumwona mwanamume anayeringa akiaibishwa, na kwa Fundi alikuwa na kinyongo cha moyoni: mikono ya marehemu mumewe.

"Kweli?" alisema polepole. "Basi tuone. Jemadari alikuja kuchorwa, achorwe. Na huyu. Mtu mzima mzima: sura, nguo, mikono. Kengele ya saa sita ikilia, nitaiangalia picha na kumwangalia mtu. Kila kilichomo kwenye picha kiwe chake, na kila kilicho chake kiwe kwenye picha. Ikiwa hivyo, mkono ni wake, na jina la chini litakuwa lake. Nikikuta uongo, hata wa kinywele, mpishi yupo."

"Supu yangu," alisema mpishi.

"Itaungua. Kaa."

Vidole hakuwahi kuchora sura kwa rangi. Alikatazwa. Alichokuwa anajua kuhusu sura alikijua kwa kumchungulia Fundi kwa pembeni, na kwa kujichora mwenyewe kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo na kufuta kabla hakujakucha. Akasimama mbele ya turubai tupu, roho mkononi. Kwenye kibao cha rangi Mjomba alikuwa ameshamwandalia: weupe, wekundu, udongo wa manjano, na donge la kijani kwa ajili ya koti la mgeni.

"Usifanye mikunjo mingi," Mjomba alimnong'oneza, akilia. "Fanya michache."

Alianza. Alichora paji la uso jinsi lilivyo, likiwa na mistari yake. Alichora tumbo. Alichora jicho la kushoto lililo chini kidogo kuliko la kulia, na Binti, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akasema, "Mh! Ndiye kabisa." Fundi aliposikia hivyo akaketi kwenye ndoo. Vidole alihisi furaha ya ajabu, furaha ya kumtazama mtu mwingine badala ya kujitazama yeye kwenye kioo kila siku ya Mungu. Na mtu mwenyewe alikaa vizuri mno. Hakutikisika, hakukohoa, kidevu hakikushuka. Alikuwa anajua kukaa.

Zikabaki dakika chache, na mkono uliolala kwenye mpini wa upanga. Kazi yake mwenyewe. Mikono angeweza kuichora amefumba macho.

Akautazama.

Kwenye kiganja, mahali mpini wa upanga humla mtu ngozi, hapakuwa na sugu hata kidogo. Sugu ilikuwa ubavuni mwa kidole cha kati. Sugu nene, ya zamani. Vidole anayo moja kama hiyo, mahali hapo hapo. Na chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani.

Kijani cha shaba. Unalaza shaba kwenye siki wiki tatu, unakwangua kutu yake, unaisaga. Ikishaingia kwenye ukucha haitoki kwa sabuni wala kwa dua, unangoja ukucha ukue. Hakuna jemadari duniani anayesaga rangi.

Vidole akatazama ukucha wake mwenyewe. Kijani. Akainua macho.

Mtu aliyekaa kwenye kiti aliona kwamba ameonekana. Akaongea chini chini bila kutikisa midomo, jinsi wanavyoongea wale waliowahi kukaa upande wa pili wa turubai.

"Ni mimi niliyeichora ile picha ndogo aliyonayo Binti. Ulipokuja mkono wako kwenye ile picha, sikulala. Nilitaka kumjua aliyeuchora, hapakuwa na njia nyingine ya kufika. Ukiuchora ukucha huo, watajua mimi si Jemadari. Watanitundika kabla ya chakula."

"Nisipouchora, nakatwa."

"Najua."

"Jemadari mwenyewe yuko wapi?"

Macho ya mgeni yakahamia kwenye brashi.

Nje kengele ikapiga pigo la kwanza. Mpishi akainuka, akajifuta viganja kwenye aproni. Shangazi alikuwa ameshatoa kioo chake cha kusomea, akaja hatua kwa hatua mpaka mbele ya turubai, akainama. Alitazama paji. Alitazama tumbo, akaguna kuridhika. Akashuka mpaka kwenye mkono, akasimama hapo.

"Mbona hiki kidole gumba hakina ukucha?"

"Namalizia, bibi."

Kengele ikapiga la tatu. Kwenye kibao, rangi ya ngozi na kijani cha koti vilikaa jirani, vikigusana. Vidole alimtazama mtu yule mara moja, vizuri, usoni, na kifua kikamuuma kwa namna ambayo hakikuwahi kumuuma kwa ajili ya mtu. Kisha akachovya ncha ya brashi kwenye kijani, akavuta mstari mmoja mwembamba.

Shangazi akasogeza kioo chake karibu na turubai. Halafu akainua kichwa, taratibu, akamgeukia mgeni.

"Bwana Jemadari," alisema. "Hebu lete huo mkono hapa."